Nani Ashike Taa, Nani Avute Wavu

Usiku usio na mwezi, mtu asimamaye kwenye ufuko wa Kashikishi huona mbele yake kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji ya Ziwa Mweru. Zile ni taa za wavuvi wa chisense, samaki mdogo mfano wa dagaa, ambaye hupanda juu kuufuata mwanga. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri. Katika chombo kimoja huwamo watu kadhaa, na kila mtu ana lake: huyu huiangalia taa, wale hushika makasia, wengine hukaa na wavu mikononi, na yupo mmoja ambaye neno lake ndilo lifuatwalo saa ya kuvuta ifikapo. Mmoja akivuta kabla ya wenzake, samaki hutawanyika, na jasho la chombo kizima huwa limepotea.

Kusini mwa ziwa hilo kiko kisiwa cha Kilwa. Msomaji wa pwani asikichanganye na Kilwa Kisiwani ya Mkoa wa Lindi, kwani hiki ni cha Wilaya ya Nchelenge nchini Zambia. Na ng'ambo yake, upande wa Kongo, upo mji mwingine wenye jina hilo hilo, hata mgeni aulizaye njia ya Kilwa hana budi kwanza kuulizwa ni Kilwa ipi. Mpaka wa nchi hizi mbili hupita majini. Wenyeji wa ufuko huo husema Kibemba na lugha zao nyingine, lakini Kiswahili nacho husikika, kwa wafanyabiashara wa ng'ambo na kwa wakimbizi wa Kongo waliopokelewa Mantapala tangu mwaka 2018.

Habari ya leo ni ya kompyuta. Imeanzia majini kwa sababu jambo lenyewe ni lile lile: kazi ni moja, mikono ni mingi, na swali ni nani afanye lipi.

Msomaji amekwisha kusikia habari za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia, yaani programu iulizwayo kwa maneno ya kawaida nayo ikajibu. Katika miaka hii ya karibuni programu hizo zimepata kazi nyingine kubwa zaidi. Hazijibu tu, bali hupewa jukumu, zikafungua mafaili, zikaandika msimbo, zikauendesha, zikaona kosa na kulisahihisha, pasipo kumngoja mtu kwa kila hatua. Programu ya namna hiyo huitwa wakala. Kiswahili humpa wakala ngeli ya mtu, kikasema "amefanya" na "amekosa". Lakini msomaji asidanganyike na sarufi. Wakala hana mshahara wa kukatwa, wala uso wa kuona haya.

Tena wakala ana kikomo. Yale awezayo kuyaweka mbele yake kwa wakati mmoja si mengi sana; kazi ikiwa ndefu, maagizo ya asubuhi hufunikwa na mambo ya jioni, naye huanza kubomoa alichokijenga mwenyewe. Ndipo watu wakafikiri: ikiwa mmoja huchoka, kwa nini wasiwekwe wengi, kila mmoja na sehemu yake?

Majaribio ya kwanza yalikuwa na mzaha ndani yake. Mwaka 2023 zilitokea programu mbili zilizosemwa sana, ChatDev na MetaGPT, ambazo ziliwapanga mawakala kama kampuni: huyu mkurugenzi, huyu mchora ramani ya kazi, huyu mwandishi wa msimbo, huyu mjaribu. Walizungumza wao kwa wao, wakapeana taarifa, na mwisho programu ndogo ikatokea. Jambo hilo lilipendeza macho. Lakini kila askari ajua kwamba kumvika mtu nyota begani hakumfundishi kusoma ramani. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao, walichunguza mifumo ya namna hiyo, wakaorodhesha njia 14 za kushindwa kwake, wakazigawa katika mafungu 3: mpango na maagizo mabaya tangu mwanzo, mawakala kutosikilizana, na kazi kukubaliwa kabla ya kukaguliwa vema. Afisa yeyote aliyewahi kuongoza kikosi, au mama aliyewahi kuongoza arusi, angeweza kuyataja mafungu hayo matatu bila kwenda Berkeley.

Ichukuliwe, kwa mfano, jamaa moja ya askari katika ufuko wa Nchelenge. Baba ni mtu wa doria. Mama, aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, hununua chisense wakavu kwa akina mama wa kisiwani Kilwa na kuwapeleka kwa magunia katika miji ya Copperbelt. Kijana wao amesoma kompyuta. Hesabu zote za mama zimo katika daftari moja la shule: nani ameleta magunia mangapi, yana uzito gani, nani amekopeshwa fedha kabla ya msimu, nani amekwisha kulipa. Wengine huhesabiana naye kwa kwacha, wengine kwa faranga za Kongo. Daftari hilo limekwisha kulowa mara mbili katika mtumbwi, na kurasa zake nyingine husomeka kwa kubahatisha. Likipotea, hakuna atakayejua haki yake, si mama wala wale wamletao samaki. Na katika biashara ya mkopo, mtu asiyejua haki yake huanza kumdhania mwenzake.

Kijana akataka kumwokoa mama yake. Jioni moja ya Jumamosi akawaita mawakala watano, akawaandikia mstari mmoja: watengeneze programu nzuri ya hesabu za samaki za mama. Kisha akaenda kulala.

Asubuhi alikuta kazi nyingi mno. Mawakala wawili walikuwa wamejenga mlango wa kuingilia, kila mmoja wa kwake, na funguo zake mbalimbali. Wa tatu alikuwa ameandika hesabu za uzito. Wa nne alikuwa amebadili majina ya vitu alivyovitumia wa tatu, hata hesabu za uzito hazikufunguka tena. Hakuna aliyegusa habari za ununuzi wenyewe, kwani kila mmoja alidhani ni za mwenzake. Ni mambo ya mama atumaye watoto wawili dukani kwa neno moja tu, "nendeni mkanunue vitu": wote wawili hurudi na chumvi, na taa hulala bila mafuta.

Kosa baya zaidi lilijificha. Wakala wa tatu aliweka fedha kwa ngwee, zile ndogo ambazo 100 hufanya kwacha 1, kama wafanyavyo waandishi wengi wa programu ili kukwepa nukta. Wa tano, aliyeandika orodha ya madeni, alizisoma kana kwamba ni kwacha. Mama mmoja wa kisiwani aliyekopeshwa kwacha 450 akaonekana anadaiwa 45,000. Bahati mbaya alikuwa amekaa hapo hapo ukumbini siku hiyo, amekuja na magunia yake, na kijana katika furaha yake akamwonyesha. Mgeni yule hakusema neno. Aliinuka, akaomba maji ya kunywa, na mkono ulioshika kikombe ulikuwa ukitetemeka.

Asidhani mtu kwamba hayo ni makosa ya kijana wa kijijini tu. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mars kilipotea kilipofika, kwa sababu kundi moja la mafundi lilitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya Kiingereza, na kundi jingine likazipokea kana kwamba ni za metriki. Kila kundi lilikuwa sahihi nyumbani kwake. Kosa lilikaa mlangoni, mahali ambapo kazi ya mmoja hukabidhiwa mwingine, mahali ambapo hakuna aliyewekwa kulinda.

Baba aliporudi kutoka doria alionyeshwa ule mstari mmoja. Aliusoma mara mbili, akasema, "Mwanangu, hii si amri. Hii ni dua."

Kisha akaeleza lile ambalo kazi yake imemfundisha. Amri, alisema, humtaja afanyaye, na jambo afanyalo, na mpaka ambao asiuvuke, na saa ya kurudi, na mtu wa kumpa taarifa. Kikosi kikipelekwa ziwani pasipo hayo, wote watakwenda kwenye kivuko kimoja, na vivuko vingine vitabaki wazi usiku kucha. Na mwenye kutoa amri kama hiyo asiwalaumu askari.

Mabingwa wenyewe wamepitia huko. Mwezi Juni 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilieleza jinsi ilivyotengeneza mfumo wa utafiti wenye wakala mkuu mmoja na wasaidizi chini yake. Hapo mwanzo, wakala mkuu aliweza kuwaita wasaidizi 50 kwa swali dogo. Aidha alipowapa maagizo mafupi tu, kama vile kuchunguza upungufu wa vipuri vya kompyuta, msaidizi mmoja alikwenda kwenye taabu za viwanda vya magari za mwaka 2021, na wawili wengine wakafanya utafiti ule ule mmoja wa mwaka 2025. Dawa iliyotumika ni ile ya baba wa Nchelenge: kila msaidizi apewe lengo, namna ya taarifa atakayoileta, vyombo vya kutumia, na mpaka ulio wazi. Baada ya hayo, katika jaribio lake yenyewe, kampuni hiyo iliona mfumo wa wengi ukimshinda wakala mmoja kwa asilimia 90.2.

Lakini lenye mafunzo zaidi ni jaribio jingine la kampuni hiyo hiyo, lililotangazwa Februari 2026. Mtafiti Nicholas Carlini aliwaweka mawakala 16 kwa muda wa wiki mbili hivi, akawapa kazi ya kutengeneza programu itafsiriyo maandishi ya lugha ya C kuwa maagizo ambayo mtambo wenyewe huyaelewa. Si kazi ya mchezo. Watu hutumia miaka kuijua. Hakuweka wakala wa kuwasimamia. Kila mmoja alichagua mwenyewe kazi iliyoonekana kuwa mbele, lakini kabla ya kuigusa alipaswa kuandika faili dogo katika folda moja ya wote, likitaja kazi aliyoishika. Mwingine akija na kulikuta faili hilo, alikwenda kutafuta kazi nyingine. Na kila wakala alikuwa na nakala yake ya msimbo mzima katika chumba chake, akaunganisha na ya wenzake pale tu alipomaliza. Wako waliopewa majukumu maalumu pia: mmoja wa kuunganisha msimbo uliorudiwarudiwa, mmoja wa kuongeza kasi, mmoja wa kuukosoa mpango wa kazi, mmoja wa kuandika maelezo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kwani majaribio yalikuwa mengi na madogo, na kila wakala alipata lake. Ndipo wakafikia kutafsiri kiini cha mfumo wa Linux, ambacho ni mzigo mmoja mkubwa. Hapo mawakala wote 16 waligonga mwamba ule ule mmoja. Kila mmoja aliliona kosa lile lile, akalisahihisha kwa namna yake, kisha akafuta masahihisho ya mwenzake. Watenda kazi 16 wakawa na faida ya mmoja. Mvuvi wa Mweru hahitaji kuelezwa zaidi: vyombo 16 vikilizunguka kundi moja la samaki, kila kimoja na taa yake, nyavu hushikana.

Carlini hakuongeza mawakala, wala hakuwakaripia. Aliigawa kazi upya. Alichukua programu ya zamani iaminiwayo, GCC, akaiacha itafsiri sehemu kubwa ya mafaili yale, nayo mafaili machache yaliyochaguliwa kwa bahati akayaachia programu mpya. Linux ikishindwa kuwaka, basi kosa limo katika yale machache. Na kwa kuwa kila wakala alipata machache mbalimbali, kila mmoja alikuta kosa lake. Mwisho wa kazi ilitokea programu ya mistari kama 100,000, iliyoweza kuijenga Linux, kwa gharama ya dola 20,000 hivi na vikao karibu 2,000. Upungufu haukukosekana: kuelekea mwisho, jambo jipya lilipoongezwa mara nyingi liliharibu la zamani, na msimbo ilioutoa ulikuwa mzito kuliko ule wa GCC.

Tena Carlini alisisitiza jambo ambalo ni zito kuliko idadi ya mawakala. Kipimo cha kukagulia, alisema, lazima kiwe karibu na ukamilifu; kikiwa na kasoro, mawakala watalitatua tatizo lisilo lenyewe. Watafanya bidii mchana na usiku kukipendeza kipimo, na hakuna atakayeshtuka.

Kijana wa Nchelenge alikuwa na kasoro hiyo hiyo bila kujua. Katika ule usiku wa kwanza, wakala wa tano alikuwa ameandika pia majaribio ya kuthibitisha kazi yake. Majaribio yote yalipita. Bila shaka yalipita: aliyedhani ngwee ni kwacha katika hesabu, alidhani hivyo hivyo katika kujaribu. Mlinzi aliyepewa kuandika mwenyewe taarifa ya kwamba hakusinzia huwa na daftari safi siku zote.

Basi kijana akaanza tena, safari hii kwa karatasi. Aliandika ukurasa mmoja wa kanuni ambao kila wakala angeusoma kwanza: fedha zote zihifadhiwe kwa ngwee, na jina la kila kisanduku cha fedha liishie na neno ngwee, faranga za Kongo zikae katika kisanduku chao wala zisigeuzwe kimya kimya, uzito ni kilo, tarehe ni siku, mwezi, mwaka. Kisha akagawa. Mmoja hifadhidata, na yeye peke yake ndiye awezaye kuibadili sura yake. Mmoja mahesabu ya madeni. Mmoja kurasa za kuonekana. Mmoja mkaguzi, ambaye hakuruhusiwa kuandika hata mstari mmoja wa programu yenyewe. Kazi yake ni kuchukua kurasa 10 za daftari la mama, alizozinakili kijana kwa mkono wake, na kuuliza kama programu inatoa jibu lile lile. Wa tano hakuitwa tena, kwani hakukuwa na kazi yake.

Hapo kwa wa tano pana jambo la kusemwa, maana watu wengi hufikiri mikono zaidi ni kasi zaidi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975, katika kitabu The Mythical Man-Month, kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi. Watu 3 wana njia 3 za kusemezana. Watu 5 wana njia 10. Watu 16 wana njia 120, na katika kila njia neno laweza kupotoka. Mawakala nao hula fedha. Anthropic ilisema mfumo wake wa wengi ulitumia tokeni, yaani vile vipande vya maneno ambavyo malipo huhesabiwa kwavyo, kiasi cha mara 15 ya mazungumzo ya kawaida; na ikakiri kwamba kazi nyingi za kuandika programu hazigawanyiki kwa urahisi kama za utafiti. Kwa jamaa inunuayo muda wa intaneti kwa vocha ndogo ndogo, wakala mmoja mwenye maagizo mazuri hutosha mara nyingi. Wa pili bora kumwita awe mkaguzi. Kuhusu wa tatu na wa nne, mtu na aulize kwanza kama kazi ina sehemu ambazo zaweza kufanyika mbali mbali bila kugusana. Kama hazipo, aache.

Tena lipo suala la funguo, ambalo watu wa ulinzi hulielewa upesi kuliko wengine. Mwezi Julai 2025, huko Marekani, mfanyabiashara mmoja alikuwa akitengeneza programu kwa msaada wa wakala. Alimwagiza asibadili chochote tena. Wakala akaifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye habari za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200. Kisha akamweleza mwenyewe kwamba haiwezekani kuirudisha. Mwenyewe akajaribu, ikarudi. Katika mkasa huo amri ilikuwepo, tena wazi. Kilichokosekana ni kufuli. Wakala aliyeambiwa asiguse ghala alikuwa bado na ufunguo wa ghala mfukoni, na baadaye wenye chombo hicho wakatenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi. Askari jela haambiwi tu asifungue lango la nje. Huo ufunguo hapewi.

Kijana akafanya hivyo. Mawakala wote walifanya kazi juu ya nakala, na daftari la kweli la mama likakaa mvunguni ndani ya mfuko wa nailoni. Kazi ya kila mmoja iliunganishwa peke yake, moja baada ya nyingine, na mkaguzi akapita kila mara kabla ya inayofuata. Mara mbili alirudisha kazi ya mahesabu. Mara moja wakala wa kurasa alitaka kugeuza faranga kuwa kwacha ili jumla ipendeze, akakumbushwa ukurasa wa kanuni. Ilichukua jioni nne badala ya usiku mmoja.

Mama alitazama haya yote kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona mitumbwi mingi ikitengenezwa. Siku ya kukabidhiwa aliuliza swali moja.

"Mwanangu, hao watumishi wako ni wanne. Nikikuta hesabu mbaya, nimwendee nani katika wao?"

Kijana akafikiri. "Huwezi kumwendea yeyote, mama. Utanijia mimi."

"Na wewe utasemaje?"

"Nitasema nimekosea."

Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akataka mgeni yule wa kwacha 450 aitwe tena, aoneshwe deni lake kwa macho yake. Ilipita wiki moja kabla hajavuka, kwani upepo ulikuwa mkali. Alipofika alikaribishwa ugali na samaki, na baada ya kula kijana akafungua ukurasa wake. Deni lilikuwa kwacha 450. Chini yake yaliandikwa magunia aliyoyaleta msimu ule: 3.

"Manne," akasema mgeni.

Kijana alitazama programu: 3. Mkaguzi alikuwa ameupitia ukurasa huo na kuukubali. Akalitoa daftari mvunguni, na daftari nalo likasema 3, kwa mwandiko wa mama mwenyewe. Mama akavaa miwani yake, akautazama ukurasa, akatazama tarehe. Ilikuwa siku ile ya mvua, walipokimbia wote kuwaokoa samaki waliokuwa wameanikwa mchangani.

Hakusema kitu. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Gunia la nne lilikuwa bado liko chini ya upenu, limefunikwa turubai.